Mtaro ukifurika Arusha: kufuata dalili hadi kwenye chanzo

Jiji la Arusha limekaa kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru. Kilele cha mlima kinapita mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, katikati ya jiji ni takriban mita 1,400, na umbali kati ya sehemu hizo mbili ni kama kilomita 15 tu. Mteremko huo ndio unaoamua karibu kila jambo linalohusu maji ya mvua hapa. Juu, upande wa Sekei, Ilboru na Sanawari, maji hukimbia na kuchimba. Yakifika chini, kuelekea Unga Limited, Sombetini na Muriet, ardhi inalala, mwendo unapungua, mchanga unatua, na maji yanaanza kujitafutia nafasi kwenye nyua za watu. Kwa hiyo ni nadra mahali panapofurika pakawa ndipo penye kosa, na fedha nyingi za kuchimba na kujenga mitaro hutumika pale maji yanapoonekana badala ya pale tatizo linapoanzia.

Maelezo yafuatayo yamepangwa kwa kufuata dalili ambazo mwenye nyumba, fundi au kamati ya mtaa huziona kwanza. Si kila dalili ina chanzo kimoja, na dalili mbili zinazofanana zinaweza kuhitaji tiba zinazopingana kabisa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ni kutofautisha chanzo kimoja na kingine kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Kabla ya kuchimba chochote

Mtaro unachunguzwa mvua inaponyesha au saa chache baada ya kukatika. Mtaro mkavu wa mwezi Agosti hausemi mengi zaidi ya kuonyesha takataka zilizomo. Anzia kwenye tatizo, fuata maji kwenda juu hadi yanakotoka, kisha rudi uyafuate kwenda chini hadi yanakoingia mtoni au korongoni, bila kuruka hata kivuko kimoja cha geti. Vifaa vinavyohitajika ni futi kamba, chaki, simu ya kupigia picha, na mpira mwembamba wa maji ambao mafundi huutumia kuhamisha levo, yaani kulinganisha usawa wa sehemu mbili.

Ukikosa mvua yenyewe, soma alama zake. Mstari wa tope ukutani unaonyesha kina. Majani yaliyolala yanaonyesha uelekeo. Chupa na vifungashio vilivyonasa kwenye waya wa uzio vinaonyesha maji yalipopita kwa kasi. (Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na tofauti inaonekana mitaroni, lakini chupa za soda na maji bado zinatosha kuziba kalavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara.) Weka alama ya chaki kwenye kila mstari wa tope na uandike tarehe. Alama za mvua mbili au tatu zitakupa habari nyingi kuliko maelezo ya majirani, ambao kila mmoja hukumbuka mafuriko makubwa zaidi kuliko mwenzake.

Usiingie kwenye maji yanayokimbia ili kupima chochote. Maji ya kufika magotini yakiwa na kasi humwangusha mtu mzima, na kina cha sentimita 30 kinaweza kulitelezesha gari dogo. Mwezi Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua jijini Arusha na watoto walipoteza maisha. Lilikuwa limefika kwenye njia ya maji, si katikati ya mto mkubwa.

Mtaro unafurika hata kwa mvua ya kawaida

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na jibu linalotolewa haraka ni kwamba mtaro ni mdogo. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo kuna vyanzo vitatu vinavyoleta picha hiyohiyo: mtaro mdogo kweli, kizuizi mahali fulani, au maji yanayorudishwa nyuma kutoka chini.

Njia rahisi ya kuvitofautisha ni kulinganisha alama za maji pande mbili za kila kalavati na kila kivuko. Kama upande wa juu maji yalifika kwenye ukingo wa mtaro na upande wa chini yalifika nusu yake tu, basi kalavati hilo ndilo linalozuia, ama kwa sababu limeziba ama kwa sababu ni jembamba kuliko mtaro unaolilisha. Kama pande zote mbili zilijaa sawasawa, kalavati halina kosa. Endelea kwenda chini, maana kuna kitu huko kinachoyarudisha maji. Na kama mtaro ulijaa kwa urefu wake wote huku maji yakikimbia vizuri, hapo ndipo unapoweza kusema kwamba mtaro umezidiwa.

Hesabu kidogo inasaidia hapa. Wahandisi hukadiria wingi wa maji kwa kuzidisha sehemu ya mvua inayotiririka, ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na eneo kwa hekta, kisha kugawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Chukua mtaa wa hekta 2 na mvua kali ya milimita 80 kwa saa. Eneo hilo lilipokuwa shamba la migomba na kahawa, tuseme robo ya mvua ndiyo iliyotiririka, na maji yalikuwa kama lita 110 kwa sekunde. Likishajaa mabati, pevu (matofali ya kusakafia nje) na udongo ulioshindiliwa na magari, sehemu inayotiririka inafika 0.7, na maji yanakuwa lita 310 kwa sekunde. Mvua ni ileile na ardhi ni ileile, lakini maji yamekaribia kuwa mara tatu, na hakuna mtu aliyepanua mtaro.

Sasa tazama mtaro wenyewe. Mtaro wa zege wenye upana wa sentimita 60, maji yakiwa na kina cha sentimita 45 na mteremko ukiwa sentimita 1 kwa kila mita, unaweza kupitisha takriban lita 570 kwa sekunde ukiwa safi. Kwa mtaa wetu wa hekta 2 huo unatosha na kubaki. Acha majani yaote ndani yake na takataka zitande sakafuni, na uwezo huo unaweza kushuka hadi nusu, yaani lita 285 hivi, ambazo ni pungufu ya zile 310 zinazokuja. Nusu hiyohiyo utaipata kwa njia nyingine: mtaro ukiwa safi kabisa lakini mteremko ukipunguzwa hadi robo ya ule wa kwanza. Kwa maneno mengine, mtaro usiopungua hata sentimita moja ya upana unaweza kugeuka kuwa mdogo kwa sababu ya majani au kwa sababu fundi hakupima levo.

Kizuizi kibaya kuliko vyote mitaani kwetu ni kivuko cha geti. Mtaro umejengwa kwa mawe vizuri, lakini kila mwenye nyumba ameweka bomba lake la kupitishia maji chini ya njia ya gari, mara nyingi la milimita 300 kwa sababu ndilo lililopatikana dukani. Bomba hilo likijaa, kwa mteremko uleule wa sentimita 1 kwa mita, linapitisha lita zisizofika 100 kwa sekunde. Mtaro unaoweza kubeba 570 umefungwa na bomba la 100, na nyumba zote zilizo juu ya geti hilo zitapata maji hata kama vivuko vyao ni vipana. Bomba kubwa nalo lisidharauliwe likipunguzwa kidogo: uwezo haupungui kwa uwiano wa kipenyo, bali kwa kasi zaidi, kiasi kwamba bomba la milimita 450 hupitisha chini ya nusu ya bomba la milimita 600 lililolazwa kwa mteremko uleule.

Tiba yake ni kuondoa bomba na kufunika mtaro kwa slabu za zege zenye nondo, zikiegemea kuta za mtaro bila kupunguza upana wake. Slabu zigawanywe vipande vinavyoweza kuinuliwa na watu wawili na ziachiwe matundu ya kushikia. Slabu ndefu iliyomwagwa palepale ni imara, lakini siku mchanga ukijaa chini yake hakuna atakayeufikia, na baada ya misimu michache itabidi ivunjwe. Kabla ya kugusa mtaro ulio kwenye hifadhi ya barabara, ni lazima kupata idhini: kwa barabara za mitaa mhusika ni TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na kwa barabara kuu na za mkoa ni TANROADS (wakala wa barabara wa taifa). Ni vizuri mtaa mzima uende pamoja kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kwa kuwa kurekebisha kivuko kimoja kati ya kumi hakubadilishi chochote isipokuwa mahali maji yatakapotokea.

Mtaro unajaa mchanga kila msimu

Mchanga haujai popote tu. Unajaa pale mwendo wa maji unapopungua, na kwa Arusha hapo ni pale mteremko mkali unapokutana na ardhi tambarare, kwenye kona kali, mahali mtaro unapopanuka ghafla, au mbele ya kalavati lililoziba. Mtaro ambao maji yake yanatembea chini ya sentimita 60 hivi kwa sekunde hauwezi kujisafisha. Ukiona mtaro mmoja una sehemu safi ya mita mia na sehemu iliyojaa ya mita thelathini, chukua mpira wa maji upime levo ya sakafu yake. Mara nyingi utakuta sehemu iliyojaa ni tambarare au hata inapanda kidogo kuelekea chini, jambo linalotokea sana pale vipande viwili vya mtaro vilipojengwa na mafundi tofauti kwa nyakati tofauti.

Baada ya hapo ulizia mchanga unatoka wapi. Udongo wa miteremko ya Meru una majivu ya volkano, ni mwepesi na husombwa kirahisi ukishaondolewa majani. Vyanzo vya kawaida ni barabara ya vumbi iliyopitishwa greda kabla tu ya mvua, mitaro ya pembeni isiyosakafiwa, na rundo la mchanga na moramu lililomwagwa kando ya barabara na mtu anayejenga. Hili la mwisho ni dogo kwa macho lakini hutosha kuziba kalavati kwa usiku mmoja. Mwenye ujenzi anaweza kulizungushia matofali au magunia yaliyojazwa mchanga, kazi ya nusu saa.

Kutoa mchanga kila mwaka bila kuzuia chanzo ni kazi isiyoisha, lakini kuzuia chanzo chote haiwezekani. Kwa maoni yangu kifaa kinachofaa zaidi, na kinachosahaulika zaidi, ni shimo la kunasia mchanga: sehemu ya mtaro iliyochimbwa kwa upana na kina zaidi, ikajengwa pale juu kabla tu mteremko haujalala, maji yapoe hapo na kuacha mzigo wake. Shimo hilo lina masharti mawili. Liwe mahali ambapo lori au hata mkokoteni unaweza kufika, na litolewe mchanga kabla ya masika ya Machi na tena kabla ya vuli. Likiachwa likajaa, halina tofauti na mtaro wa kawaida. Mchanga unaotolewa usirundikwe ukingoni, maana mvua inayofuata itaurudisha ulikotoka. Mafundi huuchukua kwa furaha ukishachekechwa na kuondolewa taka.

Maji yanaingia uani kutoka barabarani

Nyumba nyingi za zamani zilijengwa zikiwa juu ya usawa wa barabara, na leo ziko chini yake. Kila matengenezo huongeza tabaka la moramu au lami, na baada ya miaka barabara inakuwa tuta linaloelekeza maji getini. Hakikisha kwanza kwamba hicho ndicho chanzo: pima tofauti kati ya katikati ya barabara, ukingo wa mtaro, njia ya geti na sakafu ya sebule. Kama sakafu iko juu ya barabara na bado maji yanaingia, tatizo ni njia ya geti inayoteremka kuelekea ndani, na tiba ni nafuu. Jenga mgongo wa zege mlangoni, wenye kimo cha sentimita 15 hivi na miteremko mirefu pande zote mbili ili gari dogo lisigonge chini, na nyuma yake weka mfereji mwembamba wenye wavu wa chuma, unaopeleka pembeni maji yatakayoupita mgongo.

Kama sakafu yenyewe iko chini ya barabara, hakuna mgongo wa geti utakaotosha kwa mvua kubwa. Hapo kuna maamuzi ya gharama: kuinua sakafu, kujenga vizingiti imara kwenye milango ya nje, au kukubali kwamba vyumba vya mbele vitatumika kwa vitu visivyoharibika. Kwa nyumba ambayo bado haijajengwa, njia salama ni kuipima sakafu kutokana na alama ya juu kabisa ya mafuriko inayojulikana eneo hilo, wala si kutokana na barabara kama ilivyo leo, kwa sababu barabara itapanda tena.

Wengine huamua kuziba geti kwa mifuko ya mchanga kila mvua inapoanza. Inasaidia kwa saa moja au mbili, lakini ikiwa uani kuna maji ya paa yasiyo na njia ya kutokea, mifuko hiyohiyo inageuza ua kuwa bwawa. Paa la mita za mraba 150 likipata milimita 20 za mvua linateremsha lita 3,000, na maji hayo lazima yaende mahali. Tangi la kuvunia maji ni jambo jema kwa matumizi ya nyumbani, lakini lisihesabiwe kama kinga ya mafuriko: kwa kawaida linakuwa limeshajaa wakati dhoruba inapofikia ukali wake.

Ukuta wa uzio umepinda au umeanguka

Ukuta wa tofali uliojengwa kukatisha njia ya asili ya maji ni bwawa lisilo na hesabu za bwawa. Maji hukusanyika upande wa juu, yanalowesha msingi, na ukuta unaanguka kwa mkupuo mmoja, ukiachilia kwa jirani wa chini wimbi ambalo lisingekuwepo kama ukuta usingekuwepo. Tazama kama kuna mstari wa tope upande mmoja tu wa ukuta. Huo ni ushahidi tosha. Acha matundu yenye nondo chini ya ukuta kwa urefu wote wa sehemu ya bonde, au jenga sehemu hiyo kwa waya badala ya tofali. Matundu hayo usiyazibe eti kwa sababu kuku wanapita.

Mwisho wa mtaro umegeuka korongo

Hapa tatizo ni maji yenye kasi kupita kiasi. Mtaro wa zege wenye mteremko mkali unaweza kutoa maji ya mita 3 au 4 kwa sekunde, wakati udongo mtupu huanza kuliwa na maji kwenye kasi ya chini ya mita 1. Mradi ukiishia pale bajeti ilipoishia, yaani mtaro ukakatwa hewani juu ya ukingo wa udongo, maji yatachimba shimo chini ya mdomo wake, zege litabaki likining'inia, kisha litavunjika kipande kwa kipande na korongo litapanda kuelekea barabarani. Hali hii huonekana hasa kwenye kingo za mito midogo inayokatisha jiji, kama Themi na Naura, ambako mitaro mingi ya mitaa humwaga maji yake.

Kumwaga kifusi kwenye korongo hakusaidii. Kifusi husombwa na kuziba kalavati la chini, na korongo linabaki. Kinachohitajika ni kuyapunguza maji kasi kabla hayajafika kwenye udongo: kuugawa mteremko kwa ngazi za zege au mawe, ili maji yaanguke kidogo kidogo, kisha kumalizia na sakafu ya mawe makubwa mahali pa kutokea, ikiwa imezamishwa na kufungwa mwisho wake kwa ukuta mfupi ulioingia ardhini. Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, vinafaa kwenye kingo kwa sababu hupinda bila kuvunjika udongo unapotulia, lakini vikilazwa bila kitambaa cha kuchujia au kokoto nyuma yake, udongo utapita katikati ya mawe na ukingo utabomoka nyuma ya vikapu vilivyosimama vizuri kabisa.

Ukuta wa nyumba unaota unyevu, rangi inabanduka

Pima kimo cha alama na uangalie majira. Unyevu wenye mstari ulionyooka kwa kimo cha chini ya mita moja kuzunguka kuta nyingi, unaoacha chumvi nyeupe, unapanda kutoka ardhini, na huenda tabaka la kuzuia unyevu, ambalo mafundi huliita DPC, halikuwekwa au udongo wa nje umerundikwa hadi kulipita. Alama za matone ya tope kwa kimo cha sentimita 30 hadi 50, upande wa nje tu, zinatokana na maji ya paa yanayorukia ukuta. Gata, yaani mfereji wa ukingo wa paa, na ukanda wa zege unaoteremka kwenda nje, sentimita 5 kwa kila mita, humaliza kazi. Doa moja lisilobadilika kiangazi wala masika ni bomba linalovuja ndani ya ukuta, na mtaro wowote utakaochimba hautalisaidia.

Kwenye maeneo ya tambarare yenye udongo mweusi wa mfinyanzi kuna dalili nyingine ya kuangalia: nyufa za mshazari kwenye pembe za milango na madirisha, zinazofunguka kiangazi na kufunga masika au kinyume chake. Udongo huo huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na maji ya paa yanayomwagika kwenye kona moja ya nyumba huifanya kona hiyo isogee tofauti na zingine. Kuyapeleka maji ya gata mbali na msingi kwa bomba lisilovuja ni hatua ya kwanza, na mara nyingi nyufa hutulia hata kabla ya fundi kuitwa.

Shimo la kunyonya maji halinyonyi

Shimo la mawe linalomeza maji ya paa vizuri kwenye udongo wa majivu wa upande wa mlimani linaweza kushindwa kabisa kilomita chache kusini. Jaribu kabla ya kuchimba: toboa tundu la kina cha sentimita 30 chini ya usawa wa sakafu ya shimo unalokusudia, lijaze maji, liache lilowe usiku kucha, lijaze tena asubuhi na upime maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita 2 hadi 3, achana na shimo na utafute njia ya kuyatoa maji juu ya ardhi. Jaribio la kiangazi peke yake linadanganya, kwa kuwa udongo uliopasuka hunywa kwa wingi siku ya kwanza. Shimo likae angalau mita 5 kutoka kwenye msingi, na lisiwe ndilo hilohilo la maji ya choo.

Choo kinarudisha maji mvua ikinyesha

Kama kinarudisha hata siku kavu, bomba limeziba, na hilo ni suala la fundi bomba. Kama kinarudisha mvua tu, maji ya mvua yameingia kwenye mfumo wa majitaka. Mwaga ndoo ya maji yenye rangi kwenye gata na uangalie kwenye chemba ya majitaka. Rangi ikitokea, mtu aliunganisha gata na bomba la choo, kosa lililozoeleka sana kwenye nyumba za kupangisha zilizoongezwa vyumba kwa awamu. Tenganisha. Angalia pia kama mfuniko wa chemba uko chini ya usawa wa ua, maana mafuriko ya ua huingia hapo moja kwa moja. Inua shingo ya chemba. Kwa nyumba zilizounganishwa na bomba la majitaka la mamlaka, valvu isiyorudisha maji inaweza kuwekwa ndani ya kiwanja, lakini ikumbukwe kwamba ikijifunga, choo hakitatumika hadi maji ya nje yashuke.

Mafuriko yanakuja na hapa hakujanyesha

Mvua kubwa inaweza kunyesha kwenye miteremko ya juu wakati jua linawaka Njiro. Maji yake hushuka kwa mikondo iliyokuwa mikavu, na yanafika yakiwa mazito kwa tope, magogo na mawe. Dalili ni maji ya rangi ya udongo mwekundu au kijivu, sauti ya mawe yanayogongana, na kupanda kwa kina ndani ya dakika chache. Kalavati lililopimwa kwa ajili ya maji matupu linaweza kuzibwa na mzigo kama huo mara moja. Nchi iliona uzito wa tope la mlimani kule Katesh, chini ya Mlima Hanang, mwezi Desemba 2023.

Kwenye mikondo hii mtaro wa mtaa si tiba. Daraja au boksi kalavati linalokatisha mkondo liwe na uwazi mmoja mpana badala ya mabomba matatu yaliyopangwa sambamba, kwa sababu gogo moja hunasa kwenye nguzo kati ya mabomba na kukusanya mengine. Na barabara juu yake iachwe na sehemu ya chini iliyosakafiwa, ili maji yakizidi yavuke hapo bila kuikata. Kwa nyumba, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru uhifadhi wa ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayenunua kiwanja aupime umbali huo mwenyewe kwa futi kamba, kutoka kwenye ukingo wa mkondo, hata kama mkondo wenyewe siku hiyo ni mkavu na watoto wanachezea mpira ndani yake.